Goti la Baba Nafula na Hoteli ya Cheptiret

Usipime mtu wako. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyopewa nilipoingia maabara, na ndiyo ya kwanza ninayowapa nyinyi vijana mnaosomea kazi hii. Damu ya mama yako, mkojo wa mtoto wako, usaha wa bwana yako: mpe mwenzako apime, wewe toka nje ukanywe chai. Aliyeniambia hivyo ni Mzee Koech, mkubwa wetu wa maabara hapa Eldoret miaka ile ya chama kimoja, mtu mrefu wa sauti ya chini, ambaye hakuwahi kunigombeza mbele ya watu. Nilimjibu, "Sawa, Mzee." Halafu nikaivunja hiyo sheria kwa mikono miwili, na mkinirudisha pale leo nitaivunja tena.

Mimi nina wivu. Nawaambia mapema ili msije mkanisumbua na maswali katikati. Kuna watu wamezaliwa na sauti ya kuimba, mimi nilizaliwa na wivu. Bwana yangu, Baba Nafula, jina lake Barasa, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Anapakia kwenye kituo cha Ziwa, anashusha Nakuru. Kila nikisikia lori linanguruma huko barabarani nilikuwa najiuliza, huyu amembeba nani hapo mbele? Na alikuwa mzuri, jameni. Sisemi kwa sababu alikuwa wangu. Meno yake peke yake yangetosha kuleta shida katika nyumba yoyote.

Sasa, barabara ya Nakuru inapita Cheptiret, na pale Cheptiret kulikuwa na hoteli ya Wambui. Wambui alikuwa mjane. Alikuja na marehemu mumewe kutoka upande wa Murang'a wakafungua biashara, mume akafa, yeye akabaki na sufuria zake na kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya barabara. Madereva walikuwa wakisimama hapo kana kwamba lami imeishia mlangoni kwake. Mimi nilimwona mara moja tu, nikiwa nimeketi ndani ya lori. Alitoka akipangusa mikono kwa aproni, akamwambia bwana yangu, "Karibu, Barasa wangu."

Wangu! Mbele yangu!

Siku hiyo hiyo niliweka amri: hakuna kula Cheptiret. Nikawa namfungia chakula chake asubuhi, ugali na mboga, au viazi na maharagwe, na jioni namwuliza, "Umekula wapi?" Naye ananijibu, "Nimekula chako, Mama Nafula." Nami nakubali, lakini nusu nusu.

Mwaka mmoja, mvua ndefu zilipoanza, Baba Nafula hakurudi nyumbani usiku mbili. Aliporudi alikuwa amebonyea mashavu, macho yameingia ndani, amechoka kama mtu aliyelima shamba zima. Akasema lori liliharibikia Timboroa, springi ilivunjika. Mimi nikamwendea fundi wa malori pale walipokuwa wakipaki, nikamwuliza. Akacheka. "Springi gani, mama? Lori hilo halijavunjika kitu." Nilirudi nyumbani nikapiga kelele mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Baba Nafula akasema tu, "Lori liliharibika." Huwezi kuamini jinsi mtu huyo alivyoweza kushikilia neno moja.

Baada ya wiki mbili hivi, goti lake la kulia likavimba. Si kidogo, lilikuwa kama papai. Hakuwa ameanguka wala kugongwa. Kisha kisigino kikaanza kuuma asubuhi, hata kukanyaga sakafu ni shida. Kisha macho yakawa mekundu. Mimi nikasema ni vumbi la mahindi. Lakini asubuhi moja nikamsikia bafuni anaguna.

"Kukojoa kunachoma?" nikamwuliza kupitia mlangoni.

"Kidogo," akasema.

Sasa nyinyi mmesoma, mnajua nilichofikiria. Sisi tulifundishwa kwamba kisonono kikikaa mwilini kinaweza kuingia hata kwenye viungo, na hilo si uongo, kinaweza. Mkojo unachoma, goti limevimba, usiku mbili hazijulikani zilikoenda. Mimi sikuhitaji daktari. Nilihitaji ushahidi tu.

Nikampeleka maabara kabla wenzangu hawajafika. Usaha wa njia ya mkojo nilimchukua mimi mwenyewe, na sikuwa mpole.

Nisimame hapa kidogo niwaambie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa sababu nyinyi siku hizi mnaletewa kila kitu kwenye boksi. Chakula cha kuoteshea vijidudu tulikuwa tukipika wenyewe. Damu tulitoa kwa kondoo wa hospitali, aliyekuwa akifungwa nyuma ya jengo na kila mtu anamjua. Kijidudu cha kisonono kina madeko mengi: hakitaki baridi, hakitaki hewa safi kupita kiasi. Kwa hivyo damu tunaichemsha pole pole mpaka inakuwa rangi ya kakao, tunamwaga kwenye visahani, na tukishapanda usaha tunavipanga ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Juu yake tunawasha mshumaa, tunafunika. Mshumaa unakula hewa mpaka unazimika wenyewe, na hapo hewa iliyobaki ndiyo kijidudu hicho kinapenda. Ukiona mshumaa haujazimika, ujue mfuniko wako unavuja na unapoteza wakati. Mimi niliwasha mshumaa wa Baba Nafula nikiutazama kwa chuki.

Wakati vinaota, nikapaka usaha kwenye slaidi nikatia rangi. Kisonono ukikipata ni rahisi kukitambua: viwili viwili, vyekundu, vimejificha ndani ya chembe za usaha kama maharagwe mawili yanayotazamana. Nikatazama. Usaha ulikuwa mwingi ajabu. Maharagwe, hakuna. Nikasogeza slaidi, nikatia mafuta mengine ya lenzi, nikatazama upande wa pili. Hakuna hata moja.

Mwanamke mwingine angepiga magoti amshukuru Mungu. Mimi nikasema, aha, amedungwa sindano kwa duka la dawa huko njiani, vijidudu vimekufa, usaha ndio umebaki. Mnaona akili ya wivu inavyofanya kazi? Kila jibu ni ndiyo.

Visahani vikatoka safi. Safi kama tulivyovimimina. Hapo ndipo Mzee Koech aliponikuta nimeviinua kwenye dirisha natafuta-tafuta.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

"Cha mgonjwa, Mzee."

"Mgonjwa hana jina?"

"Barasa."

Akavua miwani. "Mama Nafula," akasema pole pole, "toka nje ukanywe chai. Na huyu mtu alazwe, goti hilo si la kuchezea nyumbani."

Basi akalazwa wodi ya wanaume. Daktari alikuwa kijana bado, mwenye haraka lakini mwenye kusikiza. Alilitoa maji lile goti kwa sindano, maji ya manjano yenye ukungu, na Mzee Koech akayapima mwenyewe, mimi nikiwa nimefukuzwa chumbani. Matokeo yakawa yale yale: chembe nyeupe zimejaa kama watu siku ya soko, na vijidudu hakuna. Wakaotesha, hakuna. Wakapima choo, hakuna kitu cha maana. Kila kitu kikitoka safi, mimi ndivyo nilivyozidi kuwaka. Niliona kama hata maabara yangu imekula njama naye.

Na hapa vijana shikeni jambo. Usaha bila vijidudu si kwamba hujapata kitu. Umepata. Mwili haupeleki chembe nyeupe mahali bila sababu. Ukiona jeshi liko pale na adui hayuko, uliza adui alipitia wapi kabla. Daktari wetu alijua hivyo, akauliza swali zuri kabisa. Alisimama kando ya kitanda, mimi niko miguuni na koti langu jeupe, mikono nimekunja.

"Barasa, wiki chache zilizopita, tumbo lilikuendesha?"

Baba Nafula akanitazama mimi. Si daktari, mimi.

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari akakuna kichwa. Akasema kama si tumbo, basi itabidi tuutibu kama ugonjwa wa zinaa, hata kama hatujauona, na mke naye atibiwe. Sista akaniita nyuma ya pazia. Nikadungwa sindano ya kisonono ambacho hakuna mtu Eldoret nzima aliyekiona! Nilitoka pale nikitembea upande upande, na nikaenda moja kwa moja kutuma ujumbe kwa wazee. Wajomba wake na baba yangu, waje kutoka Webuye, Jumamosi.

Nikamwita malaya hapo kitandani, wodi nzima ikisikia, nikamwambia, "Jumamosi utawaambia wazee ulilala wapi. Ukishindwa, mimi na watoto tunarudi kwetu. Sikutishi, nimeshafunga nguo."

Na ilikuwa kweli, nguo nilikuwa nimefunga, na nilikuwa nimelia nikizifunga, kwa sababu sikutaka kwenda mahali popote. Nilimtaka yeye aseme. Akageukia ukuta. "Lori liliharibika," akasema.

Ikafika Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa nimetoka maabara kumpelekea uji. Kwa mlango wa wodi nikamkuta mwanamke wa leso ya kichwa, ameshika mkate na ndizi, anauliza muuguzi, "Barasa wangu ako kitanda gani?"

Sikuhitaji kuona uso. Nikasimama mlangoni nikaujaza.

"Unamtaka Barasa wa nani?"

Wambui akanitazama kuanzia viatu mpaka juu. "Ngai! Wewe ndiye Mama Nafula? Nimekuogopa miaka mingi."

"Endelea kuogopa. Umefuata nini kwa bwana yangu?"

"Nimekuja kumwomba msamaha. Nimesikia amelazwa, nikasema maskini, bado ni lile tumbo."

"Tumbo gani?"

Akageuka kuondoka. Akaelewa kwamba ameingilia nyumba isiyo yake. Lakini wivu hauachi mtu aondoke, nikamshika mkono. "Tumbo gani, mama? Alilala kwako?"

"Alilala kwangu," akasema. "Usiku mbili."

Wodi yote ilikuwa imetulia. Hata wale waliokuwa wakikohoa waliahirisha. Uji nikauona uko sakafuni, sijui niliuacha saa ngapi.

"Yeye na wanaume wengine watano," Wambui akaendelea, "kwa stoo, juu ya magunia. Ile siku ya mvua kubwa, maji machafu yaliingia kisimani, mimi sikujua, nikapikia watu. Woi, mama! Sote tuliharisha, hakuna aliyeweza kushika usukani. Na choo ni kimoja. Mimi mwenye hoteli nililala kwa shamba la mahindi."

Mzee mmoja kitanda cha dirishani akaanza kucheka, akashika mshono wake, "Mnaniua," akacheka tena, na wodi yote ikamfuata. Daktari akaja mbio akidhani kuna vita. Alipoelezwa akasogea kitandani.

"Barasa. Uliharisha?"

"Niliharisha, daktari."

"Kiasi gani?"

"Sana," akajibu Wambui.

Basi daktari akaketi pale pale kitandani akatueleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama alivyosema. Vijidudu viliingia kwa tumbo, mwili ukapigana navyo, vikatoka. Tumbo likapona. Lakini kinga ya mwili wa watu wengine, ikishaamka hivyo, hairudi kulala. Inaendelea kutafuta adui aliyekwisha kwenda, na mahali inapodhani imemwona, kwenye goti, kwenye kisigino, machoni, kwenye njia ya mkojo, hapo inapiga. Akashusha sauti, akaangalia mlangoni kwanza. Akasema ni kama wale vijana wa chama waliokuwa wakisimama stendi kuuliza watu kadi: mtu waliyetumwa kumtafuta ameshapanda gari zamani, lakini wao lazima wamshike mtu, basi wanamshika muuza nyanya. Hatukucheka. Miaka ile ulikuwa unacheka ukishafika nyumbani.

"Na wale wengine watano?" nikauliza. "Mbona wao magoti yao ni mazima?"

Akasema si kila mtu. Kuna damu ambazo zimerithi hiyo tabia, wengine wanaharisha wanapona wanaenda zao. Mzee Koech, aliyekuwa amenifuata kwa sababu niliacha maikroskopu ikiwaka, akatia maneno yake. "Mwili wa bwana yako una wivu kukushinda wewe," akasema. "Umeshuku mpaka goti." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifanya mzaha kazini, na sikuupenda.

Msifikiri nilimkumbatia Wambui. Nilimpa kikopo cha choo. Kwa nini mnacheka? Alikuwa anapikia watu, lazima apimwe. Nikamwambia, "Mama, choo kiko kule mwisho, ulete hapa." Akakichukua bila neno, akaenda, akarudi nacho, akanikabidhi akitabasamu: "Ukitaka kingine, niambie." Mzee Koech akaninyang'anya pale pale. Lakini alipotoka kwenda mkutano, mimi nilitazama ile slaidi. Matokeo siwezi kuwaambia, ni siri ya mgonjwa, na nyinyi msije mkatoa siri ya mtu hata akiwa adui yenu. Ninachoweza kusema ni kwamba nilifurahi.

Jumamosi wazee walifika, kwa sababu walikuwa wameshapanda basi na hakukuwa na simu ya kuwarudisha. Nikachinja kuku. Baba yangu akauliza kesi ni gani. Nikasema, "Ni goti." Wakaletwa wakaliona lile goti, mmoja mmoja, wakakubaliana kwamba kweli ni goti, wakala wakaenda.

Lilichukua miezi kupona. Vidonge vya kutuliza, kupumzika, dawa ya macho, na kila jioni nilikuwa namkunjua mguu pole pole ili msuli wa paja usilale. Hilo pia mjue: goti likikaa bila kutumika, paja linakonda haraka, na mgonjwa akipona ugonjwa anabaki na mguu wa mtoto. Jioni moja nikiwa namkunjua hivyo, nikamwuliza lile lililokuwa linanichoma.

"Baba Nafula, nilikuita malaya mbele ya wodi nzima. Nilifunga nguo. Wazee walikuwa njiani. Mbona hukusema tu kwamba uliharisha?"

 Akasema, "Ningesema niliharisha, ungeuliza nilikula wapi."

"Na ningekuuliza! Sasa?"

"Ningekuambia kwa Wambui. Ungeuliza mara ngapi." Akatazama goti lake. "Kila siku, Mama Nafula. Chako nilikuwa nampa tanboi wangu, huyo kijana wa kupakia magunia. Yule mama ana supu ya kichwa cha mbuzi... Sasa, ukinishuku mwanamke, unapiga kelele, mimi nimezoea kelele zako. Lakini kuhusu chakula ungelia. Sikujua ningekushika vipi ukilia."

Nikaweka mguu wake chini. Na nililia, ndiyo, alikuwa amenijua vizuri. Nililia kuliko siku nilipofunga nguo. Asubuhi zote zile nimeamka kabla ya jogoo, napika, nafunga, na tanboi ndiye ananenepa!

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa Mzee Koech, nikaenda Cheptiret. Niliingia kwa Wambui nikakaa meza ya kona, nikamwambia, "Lete hiyo supu." Hakuuliza ni ipi. Akaleta bakuli na chapati moja, akasimama pembeni na aproni yake. Nikaionja nikiwa nimekaza uso. Nikaonja tena. Nilitafuta chumvi iliyozidi, nilitafuta mafuta mengi, nilitafuta nyama iliyokaa. Nilitafuta mpaka chini ya bakuli, kama nilivyokuwa nikitafuta kwenye zile slaidi, na sikupata kosa hata moja.

Ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kushinda kitu chochote nilichowahi kumpikia yule mwanamume. Wiki zote zile nilikuwa na wivu bila ushahidi. Sasa nilikuwa nao mdomoni.